Karabina Moja Baada ya Nyingine: Mwongozo wa Kupanda Njia ya Chuma

Kwenye milima ya Dolomiti, kaskazini mwa Italia, mtu ambaye hajawahi kupanda mwamba kwa kamba anaweza kufika juu ya ukuta wa mawe uliosimama wima. Anapita kwenye kile Waitaliano wanachokiita via ferrata, yaani njia ya chuma. Kebo nene ya chuma imefungwa mwambani kwa pini kuanzia chini hadi juu, na pale ambapo jiwe halina pa kushika wala pa kukanyaga, vimepigiliwa vidato au imesimikwa ngazi. Unajifunga kwenye kebo kwa karabina mbili na kuanza kupanda. Kila ukifika kwenye pini, unahamisha karabina moja, kisha ya pili.

Ukisikia hivyo, kazi inaonekana nyepesi, na wepesi huo wa maneno ndio unaoniogopesha. Nimewaona watu wanaoanza kupanda wakiamini kwamba aliyejifunga amemaliza habari ya usalama, na kwamba hata akiteleza atabaki ananing'inia hapo hapo. Mimi pia niliamini hivyo mara ya kwanza, nikiwa nimeshapanda Kilimanjaro mara mbili na kujiona mzoefu. Nimepanga mwongozo huu kwa namna ya kukusaidia usianguke kabisa.

Hatua ya 1: Elewa kebo inafanya nini

Chukua mfano huu. Pini mbili zimeachana mita 4. Umepanda umekaribia pini ya juu, karabina zako ziko kwenye kebo usawa wa kifua, na mkono wa utepe unaokuunganisha na karabina una urefu wa karibu mita 1. Mguu ukiteleza, karabina hazikushiki pale ulipo. Zinaserereka juu ya kebo mita zote 4 mpaka zigote kwenye pini ya chini, nawe unapitiliza kwa urefu wa utepe. Ni kama mita 5 za kuanguka, na zote zinakuja kumalizikia kwenye kipande cha utepe cha mita 1.

Mpanda miamba wa kawaida hupata kamba ndefu inayovutika. Hata akianguka vibaya kuliko vyote, urefu wa anguko lake hauzidi mara mbili ya urefu wa kamba iliyo kazini. Kwenye njia ya chuma unafika mara tano, pengine na zaidi. Utepe wa kawaida au kipande cha kamba hakiwezi kuhimili hilo, na mgongo wa binadamu hauwezi pia. Ndiyo maana kuna seti maalumu yenye kipunguza mshtuko. Ni kifurushi kidogo chenye utepe uliokunjwa na kushonwa, ambao nyuzi zake hukatika taratibu wakati wa kuanguka ili nguvu igawanyike badala ya kukupiga kwa mara moja. Utepe huo ukichanuka huweza kurefuka hadi karibu mita 2. Hesabu tena: mita 5 za kuanguka, na 2 za kusimama. Katika mita 7 hizo umepita kwenye vidato vya chuma, kingo za mwamba, pengine ngazi. Seti inaweza kukuokoa uhai, lakini haina uwezo wa kukulinda na mguu uliovunjika.

Kuna jambo la pili linalofuata kutokana na hilo. Kipunguza mshtuko hutumika mara moja tu. Kikishachanuka, hata kidogo, seti nzima imekwisha.

Hatua ya 2: Chagua njia inayokufaa

Njia hizi hupewa madaraja. Waaustria hutumia herufi, A ikiwa nyepesi kabisa na E au F ikiwa ya wenye mikono ya chuma kweli. Kwa mtu anayeanza, tafuta njia ya A na B. Ukiona C kwenye maelezo, ujue kuna sehemu ambazo utabeba uzito wako kwa mikono, ukiwa tayari umechoka. Usisome daraja peke yake. Soma pia urefu wa njia, kimo chake, na kama kuna pa kutokea katikati iwapo hali ya hewa itageuka.

Kwa anayeanza, mimi humwelekeza kwenye njia ya De Luca-Innerkofler, kwenye mlima Paterno wenye mita 2,744, jirani na minara mitatu mashuhuri ya Tre Cime di Lavaredo. Unaanzia Rifugio Auronzo, nyumba ya wapandaji iliyo mita 2,320, unafuata njia namba 101 kupitia mpito wa Forcella Lavaredo hadi Rifugio Locatelli, kisha unaanza kupanda. Mzunguko mzima huchukua saa tano hadi sita kwa mtu asiyekimbia.

Njia hiyo ina jambo ambalo nyingi hazina. Sehemu yake kubwa ya chini ni handaki lililochimbwa na askari ndani ya mlima. Italia iliingia vitani dhidi ya Austria-Hungaria mwezi Mei 1915, na mstari wa mapigano ukapita juu ya vilele hivi hadi mwaka 1917. Askari wa pande zote mbili waliishi huku juu, ndani ya theluji na mawe, wakafunga kamba, ngazi na kebo ili kupandisha chakula na risasi. Sepp Innerkofler, kiongozi wa wapanda milima kutoka Sesto aliyepigana upande wa Austria, aliuawa hapa Paterno tarehe 4 Julai 1915 akijaribu kukiteka kilele alichokuwa akikifahamu kuliko mtu yeyote. Njia imebeba jina lake pamoja na la De Luca, askari wa Italia. Njia za chuma zilikuwepo kabla ya vita hiyo, kwani kule Austria mlima Dachstein ulifungwa vyuma na kamba tangu mwaka 1843, lakini nyingi za Dolomiti zimezaliwa na vita. Unapokanyaga ngazi za jiwe ndani ya Paterno, unakanyaga kazi ya vijana waliochimba gizani wakisubiri kuuawa. Mimi hupita pale kimya.

Msimu ni mfupi. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Septemba nyumba za wapandaji huwa wazi na theluji nyingi imeyeyuka. Kabla ya hapo, handaki huweza kuwa na barafu sakafuni, na kebo huweza kuwa imefukiwa.

Hatua ya 3: Kusanya vifaa, na uvikague kwa macho yako

Unahitaji helmeti ya kupandia, hanesi inayokaza kiunoni na mapajani, seti ya njia ya chuma, glavu, na viatu vyenye soli ngumu kidogo isiyoteleza. Kwa Paterno ongeza tochi ya kichwani, maana ndani ya handaki taa ya simu itakunyang'anya mkono mmoja unaouhitaji. Glavu watu huzidharau. Kebo za zamani huchanika nyuzi zake moja moja, na uzi wa chuma ukikuingia kiganjani mita 40 juu ya ardhi, mkono huachia wenyewe kabla hujafikiri.

Seti ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Hakikisha lebo yake ina alama ya kiwango cha EN 958, na ikiwezekana iwe ya toleo la mwaka 2017 au la baadaye, ambalo huwapima watumiaji wa kilo 40 hadi 120. Kilo hizo zina maana kubwa. Mtoto wa kilo 30 hana uzito wa kutosha kukichanua kipunguza mshtuko ipasavyo, kwa hiyo mshtuko wote unaingia mwilini mwake. Mtoto wa namna hiyo afungwe kwa kamba kutoka juu na kiongozi anayejua kazi, hata kama naye amevaa seti. Mzito kupita kilo 120, pamoja na begi lake, naye amevuka kipimo.

Mwaka 2012, nchini Austria, mpandaji mmoja alikufa baada ya mikono yote miwili ya seti yake kukatika alipoanguka. Mikono hiyo ilikuwa ya utepe unaovutika kama mpira, na ilikuwa imechakaa kwa kutumika. Baada ya hapo watengenezaji waliziita seti nyingi sana zirudishwe, na vipimo vikakazwa. Ukiazimwa seti ya zamani na rafiki, sema asante na uiache.

Vifaa vya kukodi ni vizuri kwa mtu anayeanza, lakini usivipokee huku unatazama mlima. Duka moja lilinipa seti ambayo kwa mbali ilikuwa safi kabisa. Nilipofungua zipu ya kile kifurushi, nikakuta mistari mitatu ya kwanza ya nyuzi imeshakatika, utepe umejikunjua kiasi cha upana wa kidole. Kuna mtu alikuwa ameangukia seti ile, au alijining'iniza nayo kwa nguvu, akairudisha bila kusema. Tangu siku ile hufungua kila kifurushi, naupitisha utepe wote kati ya kidole gumba na cha shahada nikitafuta mchubuko, na karabina naifungua na kuifunga mara kumi. Mlango wa karabina ukisita, hata ikiwa ni mchanga tu, naomba nyingine.

Hatua ya 4: Jifunge, kisha fanya mazoezi chini

Vaa hanesi juu ya kiuno, si kwenye nyonga, na uikaze mpaka usiweze kuivuta ishuke. Kitanzi cha seti pitisha kwenye kile kitanzi kikuu cha mbele cha hanesi, halafu ipitishe seti yote ndani ya kitanzi chake yenyewe na uvute mpaka fundo la tanzi likae bapa. Mwenzako alikague fundo lako, nawe ukague la kwake. Fanyeni hivyo hata kama mmepanda pamoja mara mia.

Kuna kosa moja lisiloonekana kwa macho ya haraka. Mtu anatembea sehemu ya tambarare, karabina zinamgonga magotini, basi anaichukua moja na kuitundika kwenye hanesi. Baadaye kebo inaanza tena, anaifunga ile nyingine tu na kuendelea. Sasa kipunguza mshtuko hakifanyi kazi, kwa sababu ule mkono uliotundikwa umekirukia, ukaunganisha mwili moja kwa moja na kebo. Mkono unaoning'inia uache uning'inie, au uufunge kebo pamoja na mwenzake. Seti za siku hizi zimetengenezwa ili karabina zote mbili zikae kwenye kebo muda wote.

Karibu na mwanzo wa njia nyingi kuna kipande cha kebo kilicho usawa wa kiuno. Hapo ndipo shule. Bana karabina kwa kiganja, mlango ufunguke, iondoe, ivushe pini, ifunge, sikiliza mlio wa kufunga. Kisha ya pili. Fanya mara ishirini kwa mkono wa kulia, ishirini kwa wa kushoto, kisha kwa macho ukiwa umeyaelekeza kwingine. Huko juu utafanya hivyo huku mkono mmoja umeshika kidato na miguu inatetemeka, na huo si wakati wa kujifunza.

Wengi huongeza kipande kifupi cha utepe chenye karabina yake, kwa ajili ya kupumzikia. Ukichoka ukiwa ukutani, unakitundika kwenye kidato au pini, unakaa juu ya hanesi na kukung'uta mikono. Kitumie kupumzika tu. Usipande mahali ambapo unaweza kukiangukia, kwa maana hakina cha kupunguza mshtuko.

Hatua ya 5: Toka mapema

Radi ndiyo adui mkuu wa njia ya chuma, na sababu yake huhitaji kuelezwa: umejifunga kwenye waya mrefu wa chuma ulioko kileleni. Dolomiti wakati wa kiangazi asubuhi huamka anga nyeupe, mawingu hujikusanya kuelekea adhuhuri, na alasiri hunguruma. Soma utabiri wa usiku uliotangulia na wa asubuhi yenyewe. Panga uwe umeshuka kwenye kebo kabla ya saa saba mchana, maana yake uwe unatembea saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Utabiri ukitaja radi, nenda siku nyingine, hata kama umesafiri kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya siku hiyo.

Ikikukuta ukiwa katikati, ondoka kwenye ukingo wa mlima na kileleni, shuka kwa njia iliyo fupi, na mara ukifika mahali unaposimama bila kuhitaji kebo, jitoe na usogee mbali nayo.

Hatua ya 6: Panda kwa miguu

Nyuma ya Rifugio Locatelli utapita nguzo ya jiwe yenye umbo la soseji, na wenyeji wanaiita hivyo hivyo. Mbele yake handaki linaanza. Vaa helmeti kabla ya kuingia. Ngazi za ndani ni ndefu kupita hatua ya kawaida, zina unyevu, na dari hushuka bila taarifa. Kuna madirisha waliyoyachonga askari kwa ajili ya kupigia risasi, na kupitia moja wapo unaiona Tre Cime yote imesimama kwenye jua wakati wewe umesimama gizani ukisikia maji yanadondoka.

Ukitoka handakini kebo inaanza kwa dhati, kuelekea kwenye mpito wa Forcella del Camoscio. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea kwa namna moja: wanaishika kebo kwa mikono miwili na kujivuta. Baada ya robo saa mikono imejaa, vidole havifungi. Tazama mwamba kwanza. Tafuta pa kuweka ncha ya kiatu, simama juu yake kwa mguu, mkono ukamate jiwe au kebo ili kukuwekea usawa tu. Aliyewahi kupita ukuta wa Barranco kule Kilimanjaro anaijua kazi hii tayari. Pale hakuna kebo, na watu hupita kwa kuamini miguu, wagumu, yaani wapagazi, wakiwa na mizigo kichwani. Kwenye ngazi, kaa karibu na chuma, mwili wima, panda kwa mapaja.

Kati ya pini mbili awepo mtu mmoja tu. Aliye juu yako akiteleza, ataserereka mpaka pini yake ya chini, na kama wewe uko hapo atakuja na viatu vyake usoni mwako. Subiri avuke pini, ahamishe karabina zote mbili, ndipo uanze. Aliye nyuma yako akikuharakisha, mwambie asubiri. Pakipatikana nafasi pana, mpishe.

Jiwe likichomoka, piga kelele. Waitaliano husema "Sasso!" na Wajerumani "Stein!", yote mawili ni jiwe. Ukisikia, jibanze kwenye mwamba na usiinue uso kutazama.

Kuhusu kuhamisha karabina sina jipya zaidi ya lililoko kwenye kichwa cha habari. Moja, kisha nyingine. Hatari yake hukua jinsi unavyozoea. Saa ya kwanza kila mtu ni makini. Saa ya tatu mikono imekuwa na akili yake, mtu anaongea na mwenzake, anazibana zote mbili kwa pamoja ili aokoe sekunde mbili, na kwa sekunde hizo mbili hana chochote kinachomshika. Mimi hutamka kwa sauti, "moja, mbili," kwenye kila pini, na waliopanda nami wamezoea kunisikia.

Kutoka mpitoni hadi kilele cha Paterno ni mwendo mfupi. Pana msalaba, na watu wengi. Usijitoe kwenye kebo kwa ajili ya picha.

Hatua ya 7: Kushuka

Bado una nusu ya kazi, na miguu yako si ile ya asubuhi. Kula kitu kabla ya kuanza. Unaposhuka kwenye ngazi au sehemu ya wima, geuza uso uelekee mwamba, na tazama kati ya miguu yako utafute kidato kinachofuata. Hakikisha karabina zako hazikuachi nyuma zikakubana juu ya pini. Kutoka Paterno njia ya kushukia inazunguka upande wa Forcella Passaporto na kukurudisha Forcella Lavaredo.

Mtu akiumia au kukwama, namba ya dharura Italia na Ulaya nzima ni 112. Simu ikikosa mtandao, kuna ishara ya milimani inayojulikana na wote: alama sita ndani ya dakika moja, kwa filimbi, tochi au sauti, kisha kimya dakika moja, kisha sita tena. Ukijibiwa kwa alama tatu kwa dakika, umesikika.

Ukirudi, seti ianike kivulini, si juani wala karibu na moto. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu ikiwa na matope. Andika tarehe uliyoinunua mahali usipopoteza, kwa kuwa watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 hata kwa seti iliyolala kabatini.

Na kama unaanzia Afrika Mashariki

Huhitaji kufika Italia ili ukutane na chuma mlimani. Karibu na kilele cha Point Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, kuna kipande kifupi chenye kebo na vidato. Rwenzori nako, kwenye safari ya kwenda kilele cha Margherita chenye mita 5,109, utakuta ngazi na kamba zilizofungwa mwambani. Kazi ya mikono na miguu ni ile ile, ila kimo kinabadilisha kila kitu. Paterno iko chini ya mita 2,800, na kichwa chako bado ni chako. Karibu na mita 5,000, saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi kali na hewa nyembamba, akili huchelewa na vidole vilivyokufa ganzi havisikii kama mlango wa karabina umefunga. Fika huko baada ya kulala usiku wa kutosha milimani ili mwili uzoee. Vaa glavu unazoweza kufungulia karabina bila kuzivua, na ujaribu hilo kwanza nyumbani. Kamba iliyofungwa mlimani muda mrefu isikupe imani ya bure. Jua na barafu huila kwa ndani, kwa hiyo muulize kiongozi wako ilibadilishwa lini, na kama hajui, panda kana kwamba haipo. Kiongozi akisema mkate tamaa mrudi, rudini naye.